Mashine Iliyovunja Sabato

Jumapili, 27 Julai

Nimefungua saa moja asubuhi. Kopi za mtihani wa shule, barua tatu za kuomba kazi, picha za paspoti. Mzee mmoja alitoka amefumba macho, nikamfumbua kwa kompyuta. Kutoka hapa Kebirigo mpaka Manga hakuna mwingine anayeweza. Shule niliacha kidato cha pili, lakini mashine hunijua.

Niandike hapa kwa sababu Kerubo, mke wangu, amechoka kunisikia: hii fotokopi niliibeba mgongoni kutoka mlima wa Manga siku matope yalishinda gari. Nilipoitua ilikuwa bado na moto, ikatoa kopi mbili bila stima. Asiyeamini shauri yake.

Mchana mzee wa kanisa amepita. Makambi, ile wiki yetu ya mikutano ya kila Agosti, yamekaribia. Kwaya inataka nyimbo za marehemu kaka yangu, Mwalimu Nyambane. Alizirekodi kwa simu mwaka wake wa mwisho, akiimba sauti zote nne peke yake, moja baada ya nyingine, ili kwaya ijifunze. Simu iliibwa matangani. Nyimbo zimebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta yangu. Kumi na moja.

Nimemwambia mzee asiwe na wasiwasi. Ziko kwa mtu anayejua kutunza.

Jumanne, 29 Julai

Tatizo ni mvua. Kaka alirekodi jikoni kwake, chini ya mabati, msimu wa mvua. Kwenye wimbo wa nne huwezi kusikia besi. Nataka makambini sauti itoke safi.

Kuna programu ya kusafisha sauti. Ya kununua ni ghali. Nimetafuta, nikapata moja ya bure, ambayo mtu amevunja kufuli yake. Kwanza ilisema nizime antivairasi. Nimezima. Ikauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Ikauliza tena. Mimi nikisema ndiyo nimesema.

Programu ikafunguka, ikazunguka, ikajifunga. Nimerudia mara tatu. Mvua bado ipo. Takataka.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimefunga saa kumi na moja jioni, kama kila Ijumaa. Kompyuta siizimi, maana ikizimwa huchukua nusu saa kuamka na wateja hawana subira. Nazima tu kioo, naifunika kile kitambaa alichofuma Kerubo, narudi nyumbani kabla jua halijazama. Mpaka Sabato iishe hakuna mkono unaoigusa. Miaka kumi na minne sasa. Hata mchungaji hunitolea mfano.

Jumapili, 3 Agosti

Bando ya intaneti imekwisha. Niliinunua Ijumaa, ya wiki nzima. Nani ameila? Duka lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, kanisani.

Nimepigia kampuni ya simu nikawakaripia. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu. Amesema imetumika. Nikamwambia wewe mtoto, mimi ni Msabato.

Nimenunua nyingine. Nina hasira.

Jumatatu, 4 Agosti

Mungu ni mwema. Siamini nilichokiona.

Nimefungua folda ya kaka kupanga nyimbo. Ziko kumi na mbili! Nimehesabu kwa kidole mara tatu. Wimbo wa 12. Miaka yote hii ulikuwa umejificha hapo.

Nimeubonyeza. Kimya. Nimeubonyeza tena na tena, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Labda umeharibika kidogo. Nitautengeneza, mimi si ndiye niliyewahi kufufua redio iliyolala mtoni wiki nzima, ikaamka ikisoma habari za siku iliyoangukia?

Nimempigia Kwamboka huko Suneka. Ni binti wa kaka, ana duka la kutengeneza kompyuta na simu. Namuita Mama kwa sababu amebeba jina la mama yetu. Nikamwambia kuna wimbo mpya wa baba yake. Akasema, polepole, "Baba mdogo, baba aliniambia ni kumi na moja."

Nikamwambia baba yako hakukwambia kila kitu. Amesema atakuja Jumapili ausikie.

Nimemwambia mzee wa kanisa pia. Na muuza ndizi. Na watu wa stendi.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, nikimchapia barua. Mikono yangu yote miwili ilikuwa hewani, nikimweleza jambo. Mshale kwenye kioo ukatembea. Wenyewe. Ukafungua folda ya vitambulisho vya wateja, ukasimama, ukafunga.

Mwalimu mkuu akaniangalia. Nikamwambia ni teknolojia mpya.

Alipoondoka jasho lilinitoka. Nimekumbuka ile programu ya bure. Nimeifuta. Nimewasha antivairasi, ikapita ndani yote na kusema safi, hakuna kitu. Basi. Nimemuua mdudu.

Jioni nimewaelezea sokoni jinsi nilivyokamata virusi kwa shingo. Nilisema vilikuwa na nguvu ya ng'ombe dume. Labda niliongeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Moyo hautulii. Kabla ya kufunga nimeandika kwenye karatasi bando iliyobaki, nikaiweka ndani ya Biblia. Nimefunika mashine. Nimeenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Jua limezama, sasa naweza kuandika.

Baada ya ibada tulipita mbele ya duka. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Chini ya kitambaa kulikuwa na mwanga. Taa ndogo ya kamera iliyo juu ya kioo, ya kijani. Na feni ilikuwa inavuma kama mashine ya posho ikisaga mahindi.

Mashine yangu ilikuwa inafanya kazi. Siku ya Sabato. Watu wakipita na viatu vyao vya kanisani.

Kerubo akasema, "Si ufungue uchomoe waya? Hata ng'ombe akianguka shimoni siku ya Sabato anatolewa."

Nikamwambia huyu si ng'ombe.

"Basi ni nini?"

Nilibaki pale dirishani, ufunguo mfukoni, tangu saa nane mpaka jua lizame. Wapita njia walifikiri naomba. Pia nilikuwa naomba.

Nimefungua saa moja kasoro. Bando karibu yote imekwenda, karatasi yangu ni shahidi. Kwa hiyo sikumuua. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, si changu. Nimeogopa kompyuta yangu mwenyewe. Niandike hivyo hivyo, hakuna atakayesoma.

Nimempigia Kwamboka nikamwambia yote. Hata programu ya bure. Hata kuzima antivairasi. Ameniambia maneno mawili: chomoa intaneti.

Nimechomoa kile kidude cha intaneti. Akaniambia nisiguse kingine, nisichomeke flash yoyote, nisiandike paswadi yoyote. Flash ya kwaya, ambayo ningempa mzee kesho, iko hapa mezani tayari. Haijaingia bado. Mungu ni mwema mara ya pili.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike vizuri, maana leo nimeona kazi.

Kwamboka amefika saa tatu na boda boda, na begi dogo tu. Nilitarajia mashine za kila namna. Amenisuta kwanza, kwa heshima lakini amenisuta: "Baba mdogo, antivairasi ni mlinzi wako. Mgeni akikwambia mfukuze mlinzi ndipo niingie, huyo ni mgeni?"

Kerubo alikuwa pale na chai, akacheka mpaka akaweka birika chini.

Halafu Kwamboka akaniuliza mara ya mwisho kuigusa kabla ya Sabato ilikuwa lini. Nikamwambia Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Na kabla ya jua kuzama Jumamosi, nani aliigusa? Hakuna. Una hakika? Miaka kumi na minne, Mama.

Akaacha kila kitu akaniangalia. Akaanza kutabasamu. Akasema kazi yake ngumu siku zote ni kutenganisha nyayo za mwenye nyumba na nyayo za mwizi. Wateja wake hugusa mashine kila saa, nyayo zinachanganyika. "Lakini wewe umenipa siku nzima ya sakafu safi. Kilichofanyika mle ndani siku ya Sabato ni cha mwizi tu."

Kumbe kompyuta nayo huandika shajara. Sikujua! Kila kinachotokea huandikwa, saa na dakika. Kwamboka aliifungua akaanza kusoma, kidole kikishuka. "Hii ni kazi ya mashine yenyewe, naijua. Hii pia. Hii..." Akasimama. "Hii si yake."

Programu hiyo imejiita msaidizi wa printa. Printa yangu haina msaidizi, msaidizi wake ni mimi. Imezaliwa tarehe 29 Julai, dakika ile ile niliyosema ndiyo. Inaamka kila mashine ikiamka, na kila nusu saa inabisha hodi kwa mtu asiyejulikana huko nje: nipo, una kazi? Sabato mbili mfululizo mtu huyo alijibu. Alihamisha vitambulisho, akawasha kamera, akaona kitambaa cha Kerubo kwa saa nzima.

Nikauliza, mbona antivairasi ilisema safi? Akanionyesha. Mwizi alikuwa amemwandikia mlinzi orodha ya vyumba asivyoruhusiwa kuvichungulia. Na yeye analala humo. Na ile programu niliyoifuta? "Ulitupa ganda, baba mdogo. Ndizi ilibaki ndani."

Amesema huyu si mwizi wa kuvunja, kuchukua na kukimbia. Huyu alitoboa mlango nyuma ya nyumba, akauwekea bawaba, akaupaka rangi ya ukuta. Anaingia akitaka. Ndiyo maana unaitwa mlango wa nyuma. Nimekaa na kompyuta tangu Kwamboka akiwa shule ya msingi na leo ndiyo nimeelewa.

Nilidhani atafuta huyo msaidizi wa printa tuende nyumbani. Akatikisa kichwa. Aliyetoboa mlango mmoja anaweza kuwa ametoboa wa pili, na wa pili haujaandikwa popote. Dawa ya uhakika ni kuvunja nyumba mpaka msingi na kujenga upya. Yaani kufuta kila kitu.

Na nyimbo?

"Tutazitoa kwanza," akasema. "Nyimbo tu. Hakuna kingine kitakachotoka hai."

Ndipo akauliza kuhusu wimbo wa kumi na mbili. Nikamwonyesha. Hakuubonyeza. Alibadilisha kitu fulani, majina yote kwenye folda yakajitokeza kamili, kila moja na mkia wake, zile herufi za mwisho zinazotaja aina ya faili. Nyimbo kumi na moja zina mkia wa wimbo. Wa kumi na mbili una mkia wa programu.

Tuliuangalia wote. Picha ya nota ya muziki, kama zingine. Jina la kaka yangu.

Nikasema labda umeandikwa vibaya. Labda kuna sauti ndani. Nilibishana, nikiri. Nilipandisha sauti. Nikamwambia huwezi kufuta kitu chenye jina la baba yako.

Akasema, "Baba alitaka wa kumi na mbili. Nilimshikia simu mimi. Alifika ubeti wa kwanza akakohoa, akasema tutamalizia kesho." Akafunga folda. "Hakurekodi. Huyu mtu aliona folda unayoipenda, akajua utaibonyeza, na utawagawia watu kwa flash. Hakumjua baba. Alikusoma wewe."

Wiki nzima nilitangazia watu wimbo wa baba wa mtoto huyu. Na yeye alikuwa anajua, tangu ile simu, na bado akapanda boda boda kuja kuhakikisha.

Sikula jioni. Kerubo hakunitania.

Jumatatu, 11 Agosti

Amelala kwetu. Saa mbili tulikuwa dukani. Duka limefungwa kwa wateja.

Ana flash yake aliyoiandaa Suneka kwenye mashine safi. Mashine imeamka kutoka kwenye flash hiyo, si kutoka kwenye tumbo lake. Kwa hiyo mwizi alibaki amelala wakati sisi tunatembea ndani ya nyumba. Akili gani hiyo! Nimeona madaktari wakifungua mtu, nimewahi hata kuwashikia taa, lakini hii imewashinda.

Akaanza kunakili nyimbo, moja moja, kwenda kwenye diski yake. Wa kwanza. Wa pili. Wa nane ukiwa katikati, stima ikakatika.

Soko lote kimya. Vinyozi wametoka nje na mashine zao mkononi. Mimi nilishika ukuta. Nikamuuliza kama kaka amekwenda. Akasema hajui, tungoje.

Tulingoja saa mbili. Hakuzungukazunguka kama mimi. Alikaa mlangoni akala ndizi, akasalimia watu, akauliza hali ya majani chai. Mikono yake imetulia kama ya baba yake akishika kijiti cha kwaya. Sikuwahi kuona hilo. Na niandike na hili: alipomaliza shule, mimi ndiye niliyesema kompyuta si kazi ya msichana, aende akashone. Nilisema mbele ya wazee. Kaka hakunisikiliza, asante Mungu.

Stima ikarudi. Wa nane ulikuwa umekatika kwenye diski yake, lakini wenyewe mle ndani ulikuwa mzima. Ameurudia. Wa tisa. Wa kumi. Wa kumi na moja.

Amechukua zote kwenye laptopu yake, akapitisha antivairasi iliyo macho, halafu akazisikiliza kila moja mpaka mwisho ahakikishe. Hiyo ya mwisho si ya lazima, nadhani. Nilitoka nje nikamwachia.

Aliporudi kuniita, macho mekundu, alikuwa na kazi moja imebaki. "Bonyeza wewe, baba mdogo. Nyumba ni yako."

Nimebonyeza. Miaka yote ya barua, picha, programu za mazishi, kadi za harusi, imekwenda. Na wimbo wa kumi na mbili umekwenda nazo. Akajenga upya mpaka saa kumi. Mlinzi amewashwa na hana orodha ya vyumba asivyochungulia. Paswadi zote tumebadilisha, tena kwa simu yake, wala si kwa mashine kabla haijapona. Nyimbo ziko sehemu tatu: kwangu, kwake, na kwenye diski inayokaa kabatini bila waya wowote.

Mtu akiniuliza fundi mkubwa Kisii na Nyamira ni nani, sasa najua jibu. Inaniuma kidogo. Si sana.

Jumanne, 12 Agosti

Kabla ya kurudi Suneka amesema kuna kazi moja hawezi kunifanyia. Watu waliofungulia barua pepe zao hapa, paswadi zao ziko kwa mwizi. Vitambulisho vyao pia. Waambiwe.

Nikamwambia wataniona mjinga. Hakubisha. Alivaa kofia ya boda boda, akasema, "Wewe husimulia vizuri, baba mdogo. Simulia na hii." Akaenda.

Nimechapa tangazo kwa herufi kubwa, nikabandika mlangoni: kompyuta ya hapa iliingiliwa, kosa ni langu, badilisheni paswadi kwa simu zenu, na mtu akiwapigia akitaja namba ya kitambulisho msimwamini. Halafu nikampigia mmoja mmoja kila niliyekuwa na namba yake.

Muuza ndizi aliingia kunicheka. "Si ulimshika shingo, mzee? Kumbe ilikuwa mkia!" Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, ya nini. Mwalimu mkuu alisoma tangazo mpaka mwisho, akatoa simu, akabadilisha paswadi pale pale. Akasema afadhali mimi nimesema.

Mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimwambia ni kumi na moja. Nilimtazama usoni nikamwambia. Akasema kumi na moja zinatosha.

Alhamisi, 14 Agosti

Kwaya imefanya mazoezi ya wimbo wa nne. Wameupata wote isipokuwa besi. Wanasema hawamsikii Mwalimu vizuri kwa sababu ya mvua. Nikasimama nikawaimbia besi, maana nilikuwa jikoni kwa kaka siku ile akirekodi, nikichoma mahindi. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwepo. Nimeipata mara ya kwanza. Hapa sijaongeza.

Ijumaa, 15 Agosti

Wateja wachache. Kopi, lamineti mbili.

Saa kumi na nusu nimefunga mlango nikasikiliza wimbo wa kumi na moja, sauti ndogo. Mvua inaanza kabla yake. Inasikika ikipiga mabati, na sufuria ikisogezwa, na mtu akicheka kwa mbali, nadhani ni mimi. Kisha anaanza kuimba.

Mvua nimeiacha.

Nimezima mashine. Kuzima kabisa. Nimechomoa kidude, nimechomoa waya wa ukutani, nikaifunika. Nimeshika kioo kwa kiganja. Kimepoa.

Jua bado liko juu ya kilima. Naenda nyumbani.